Majini Waliohamia Mjini: Maswali Yenu kuhusu Riwaya za Vampaya, Mizimu na Wachawi

Katika toleo lililopita tulichapisha makala fupi iliyodai kwamba riwaya za vampaya, mizimu na wachawi wanaoishi katika miji ya leo zimeendelea kupata wasomaji huku aina nyingine za hadithi zikipanda na kushuka. Makala ile iliwachokoza wengi. Tumechagua barua tano, tukazifupisha bila kugusa kiini chake. Ya kwanza tumeipa nafasi kubwa kuliko zote kwa sababu majibu ya nyingine yanaitegemea.

Swali: Zina nini hasa hadithi hizi?

Mhariri, shikamoo. Binti yangu yuko mwaka wa pili chuoni na ni msomaji hodari, lakini hasomi kitu ila vampaya wa London, wachawi wa Chicago na watu wanaogeuka mbwamwitu wakishatoka kazini. Nilidhani ni mambo ya umri na kwamba yatapita. Sasa naona hata mdogo wangu, muuguzi aliyekaribia kustaafu, naye amenasa. Kila baada ya miaka michache nasikia kwamba hadithi hizi zimepitwa na wakati, kisha zinarudi tena kwa nguvu. Zina nini?
*Mama Msomaji, Tanga*

Jibu

Marahaba, mama. Tuanze na huyo vampaya, kwa kuwa ndiye mkongwe wa kundi hili. Katika masimulizi ya vijijini ya Ulaya ya Mashariki alikuwa maiti wa mkulima, amevimba, anatoka kaburini usiku kuwasumbua jamaa zake mwenyewe. Mwaka 1819 ilichapishwa hadithi ya daktari kijana wa Uingereza, John Polidori, iliyomvika maiti huyo koti la bwana mkubwa na kumwingiza katika karamu za London. Chimbuko lake lilikuwa kiangazi cha mwaka 1816 kando ya Ziwa Geneva, ambapo Polidori, mshairi Byron na wenzao, akiwemo msichana wa miaka 18 ambaye baadaye dunia ingemfahamu kwa jina la Mary Shelley, walizuiwa ndani na mvua na baridi isiyo ya kawaida iliyoletwa na mlipuko wa volkano ya Tambora mwaka uliotangulia, wakakubaliana kwamba kila mmoja atunge hadithi ya kutisha. Kwa hiyo vampaya wa fasihi ya Kiingereza ni mtu wa mjini tangu siku yake ya kwanza, na kuhamia kwake mjini ndiko kulikompa umri mrefu.

Mwaka 1897 Bram Stoker, Mwairishi aliyekuwa meneja wa jumba la maigizo jijini London, alitoa riwaya ya Dracula. Anayeisoma kwa mara ya kwanza akitarajia mapopo na makaburi hushangaa kukuta imejaa karatasi za ofisi: hati za kununulia nyumba, barua za wanasheria, kumbukumbu za mizigo, telegramu, ratiba za treni na shajara zilizopigwa chapa kwa taipureta. Dracula anaingia Uingereza kwa njia ile ile ambayo mwekezaji yeyote angeingia. Ananunua nyumba kupitia wakili na kusafirisha mizigo yake kwa meli. Kisha yanakuja masharti yake. Hawezi kuingia nyumbani mwa mtu mara ya kwanza mpaka mmoja wa wenyeji amkaribishe. Hawezi kuvuka maji yaendayo kwa nguvu zake isipokuwa wakati maji yamejaa au yametulia. Lazima apumzike katika udongo wa kwao, ndiyo sababu amesafirisha masanduku 50 ya udongo huo, na wanaomwinda wanashughulika kurasa nyingi kuyatafuta masanduku moja baada ya jingine. (Hilo la kuuawa na mwanga wa jua, ambalo leo kila mtoto analijua, ni sharti lililokuja baadaye, kupitia filamu ya Kijerumani ya mwaka 1922. Dracula wa Stoker hutembea mchana, ila nguvu zake hupungua.)

Nimesoma nyingi za aina hii, nzuri na mbovu, na nimefikia kuamini kwamba kinachowashika wasomaji ni masharti hayo kuliko meno na damu. Tazama mji anamoishi binti yako. Kodi ya chumba inalipwa ya miezi sita kwa mkupuo, lakini mwenye nyumba anaweza kubadili mawazo mwezi wa pili. Tangazo la kazi linamtaka aliyehitimu juzi awe na uzoefu wa miaka mitano. Kuna ofisi ambazo faili halionekani mpaka mwenye faili aelewe, bila kuambiwa, kwa nini halionekani. Sheria zimeandikwa, lakini zinazotumika ni nyingine, na hakuna mahali zilipobandikwa. Katika riwaya hizi, kiumbe wa kutisha kuliko wote hawezi kuvuka kizingiti mpaka mtu aseme karibu. Jini aliyeapa hana njia ya kukiuka kiapo. Dunia hiyo ina hatari nyingi kuliko yetu, lakini mnyonge anayejua sheria yake anaweza kuitumia sheria hiyo dhidi ya mwenye nguvu, na hakimu hanunuliki.

Ndiyo maana mashujaa wake wengi ni watu wa mishahara midogo: mhudumu wa baa katika mji mdogo wa Louisiana, fundi wa magari ya Volkswagen katika jimbo la Washington, konstebo kijana wa London. Katika mfululizo ambao Jim Butcher aliuanza mwaka 2000, mchawi wa Chicago amejiandikisha kwenye kitabu cha simu kama fundi bomba angefanya, na ana wasiwasi wa kodi ya ofisi kila mwezi. Katika vitabu vyake kizingiti cha nyumba ni ngome ya kweli, lakini nguvu ya ngome hiyo hutegemea maisha yaliyoishiwa ndani: nyumba ya familia ya miaka mingi ina kizingiti imara, ilhali chumba cha kapera anayerudi kulala tu hakina kinga ya kutajika. Msomaji wa pwani, aliyelelewa kupiga hodi mara tatu na kufukiza ubani kabla ya kuhamia nyumba mpya, haelezwi jambo hilo mara mbili.

Sababu nyingine ni mji wenyewe. Kijijini unajua nani ni mtoto wa nani. Mjini unaweza kuishi ukuta kwa ukuta na mtu miaka minne, ukajua saa anazorudi na redio anayoisikiliza, usijue jina lake la pili wala kazi inayomtoa saa tisa usiku. Riwaya hizi huichukua hali hiyo na kuuliza swali ambalo kila mpangaji amewahi kujiuliza akiwa kitandani. Mwandishi Ben Aaronovitch, katika riwaya yake ya mwaka 2011 kuhusu London, anamfanya konstebo aandike maelezo ya shahidi wa mauaji kisha agundue kwamba shahidi huyo ni mzimu, na asijue aijaze vipi fomu. Mito ya jiji hilo ina roho zake, na roho ya sehemu ya chini ya Mto Thames ni mama mhamiaji kutoka Nigeria. Konstebo mwenyewe ni mtoto wa mama msafishaji wa ofisi aliyetoka Sierra Leone. Mizimu ya London, kama wakazi wake, imetoka kila pembe, na ugomvi wao unamalizwa kwa mapatano na kubadilishana mateka, yaani kwa masharti.

Kuhusu kufa na kufufuka kwa hadithi hizi, sidhani kwamba huwa zinakufa. Hubadilisha swali. Vampaya wa Stoker alikuwa mgeni anayeogopwa, na hakupewa nafasi ya kusimulia upande wake. Mwaka 1976 Anne Rice alimkalisha vampaya mbele ya kinasa sauti, akaeleza mwenyewe upweke wa kuishi bila kufa. Mwaka 2001 Charlaine Harris alibuni damu ya maabara kutoka Japani iliyowawezesha vampaya kujitokeza hadharani na kudai haki za kiraia. Mwaka 2005 Stephenie Meyer alimgeuza kuwa kijana anayejizuia kwa sababu ya mapenzi, na vitabu vyake vikauzwa zaidi ya nakala milioni 100. Mimi binafsi hicho cha mwisho hakinikoshi, kwa kuwa masharti ya vampaya wake ni mepesi mno: jua halimuumizi, linamng'arisha tu. Lakini kujizuia kwenyewe ni sharti, tena gumu, na nadhani ndilo lililowavuta mamilioni wale.

Mdogo wako muuguzi hanishangazi hata kidogo. Mtu anayekesha wodini, akiona wema wakiondoka na wakorofi wakipona bila sababu inayoeleweka, ana haki ya kutaka, kwa saa moja kabla ya usingizi, mauti yenye kanuni.

Nikiri udhaifu wa fani hii pia. Mifululizo mingi huharibika kadiri shujaa anavyolimbikiziwa uwezo. Kufikia kitabu cha nane hakuna sharti linalomfunga tena, na msomaji anabaki akihesabu milipuko. Binti yako akianza kulalamika kwamba vitabu vimekuwa virefu na havitishi, ujue amefika hapo.

Swali: Hizi si ngano za bibi?

Mhariri, naona mnawasifu Wazungu kwa kitu tulichokuwa nacho. Bibi yangu alitusimulia mazimwi na majini kabla sijajua kusoma. Kuna tofauti gani, zaidi ya magari na simu?
*Msomaji, Kisauni, Mombasa*

Jibu

Tofauti ipo, na iko katika mshangao. Katika ngano ya bibi yako sungura anasema na zimwi linapika, na hakuna mhusika anayeuliza imekuwaje, kwa kuwa tulishaingia katika nchi ya "paukwa, pakawa." Katika fantasia ya mjini, yaani riwaya hizi tunazozizungumzia, mhusika anaishi katika dunia yetu hii ya bili za umeme, na siku jambo lisilowezekana linapotokea anashtuka, anatafuta maelezo ya kawaida, anayakosa, kisha analazimika kuendelea na kazi kesho yake asubuhi. Mhakiki Tzvetan Todorov, katika kitabu chake cha mwaka 1970, alisema kwamba hadithi ya ajabu huishi katika kusita huko, msomaji akiwa hajaamua kama alichokiona kina maelezo au hakina.

Ila katika hoja ya urithi una haki, tena kuliko ulivyoandika, kwa sababu pwani na bara hatukuwa na ngano za kijijini peke yake. Tulikuwa na visa vya mjini hasa. Mwanamke mrembo aliyevaa buibui anaomba lifti usiku, na dereva akitupa jicho chini anaona kwato. Kisa hicho kina barabara, gari, uungwana wa kumsaidia mwanamke aliye peke yake, na hofu ya asiyejulikana, vyote katika dakika mbili za kusimulia. Wakati wa ukoloni watu wa Nairobi, Kampala na miji mingine walisimuliana kwamba wazimamoto, kwa malipo ya wakubwa, walikuwa wakikamata Waafrika usiku na kuwanyonya damu, na neno mumiani likawa tishio la kila mtoto. Mwanahistoria Luise White alikusanya masimulizi hayo na kuyachapisha kitabu mwaka 2000. Jambo alilolionyesha ni kwamba yalihusu kazi, mishahara, magari ya serikali na sare, na kwamba yeyote anayetaka kujua watu wa miji ile waliuonaje utawala uliokuwa juu yao hawezi kuyapuuza.

Msukule nao ni hivyo hivyo. Mtu amezikwa, jamaa wameshaanua matanga, kumbe usiku analimishwa shamba la mwingine bila ujira na bila ulimi wa kulalamika. Haiti, nchi iliyojengwa kwa jasho la watumwa, ina kisa kinachofanana sana na hicho, na ndicho kilichoizaa ile maiti inayotembea ambayo sinema za Marekani zimeifanya ikimbilie nyama za watu. Njiani imepoteza jembe lake, na kwa maoni yangu imepoteza sehemu yake inayotisha zaidi.

Swali: Je, haziwadhuru vijana?

Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa sekondari. Wanafunzi wangu wanapeana kwenye simu hadithi za mfululizo za majini na kafara, sehemu ya kwanza bure na zinazofuata kwa kutuma hela. Wazazi wananiambia nizipige marufuku kwa sababu zinakuza imani za kishirikina na ni kinyume cha dini. Una maoni gani?
*Mwalimu, Mwanza*

Jibu

Mwalimu, suala la halali na haramu nawaachia waliolisomea. Nitajibu kama msomaji.

Kwanza tutenganishe riwaya na tetesi. Riwaya inakuja na jalada, na anayeifungua ameshakubali kwamba ni ya kubuni. Tetesi inakuja kama habari. Mapema mwaka 1995, wakati Popobawa aliposemekana kushambulia watu Pemba na kisha Unguja, familia nzima zililala nje zimezunguka moto, kwa kuwa ilisemwa kwamba huwavamia waliolala ndani, na kwamba aliyeshambuliwa asipowasimulia wenzake atarudiwa. Hebu liangalie sharti hilo kwa makini: linamlazimisha mtu kueneza habari, na ndiyo sababu habari ilivuka bahari haraka. Unguja, katika taharuki ile, mtu mmoja mgonjwa wa akili aliuawa na kundi lililodhani ndiye Popobawa. Hakuna aliyesoma riwaya kabla ya kushika gongo.

Hata hivyo wazazi hawakosei kabisa, na wewe unafundisha katika Kanda ya Ziwa, ambako tangu miaka ya 2000 watu wenye ualbino wameuawa na kukatwa viungo kwa sababu kuna walioamini kwamba viungo hivyo huleta utajiri. Kwa hiyo siwezi kusema kwamba hadithi ni hadithi tu. Ninachopendekeza ni kuipima hadithi kwa swali moja: nani analipa? Katika hadithi iliyotungwa kwa akili, anayetoa kafara ya mwingine ili apate gari na ghorofa anakuta kwamba deni lina riba, na msomaji anakaa na yule aliyetolewa kafara, anajua jina lake, anajua alikuwa anapenda kula nini. Katika hadithi mbovu aliyetolewa kafara hana hata jina, utajiri unakuja kweli, na adhabu inasukumwa katika aya ya mwisho kwa ajili ya kuridhisha wazazi. Ya pili ningeiondoa darasani bila kusita, hata kama haina jini hata mmoja.

Marufuku ya jumla sidhani kama itafaa, kwa sababu simu zitabaki mifukoni. Ningewapa wanafunzi *Adili na Nduguze* ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1952. Humo Adili, mtawala mwema, anaonekana kila usiku akiwachapa manyani wawili, na inabainika kwamba ni ndugu zake waliomtendea uovu, wakageuzwa na jini Huria, naye ameamrishwa awape adhabu hiyo kila usiku, la sivyo atapatilizwa mwenyewe. Waulize wanafunzi: je, ni adhabu ya nani hii? Ya waliotenda, au ya mwenye huruma aliyepewa mjeledi? Nimeona swali hilo likichukua kipindi kizima, na wale wa nyuma ya darasa wakinyoosha mikono.

Swali: Mbona mizimu yetu huishia kuwa wanadamu?

Asalaam aleikum Mhariri. Niko Muscat, wazee wangu walitoka Unguja, na nimelelewa na vitabu vya Bwana Msa. Napenda sana, lakini kila mara ninapodhani mzimu umefika, Bwana Msa anavuta kiko chake na kuonyesha kwamba ni binadamu mwenzetu. Kiswahili hakina riwaya za mizimu ya kweli mjini?
*Msomaji, Muscat*

Jibu

Waaleikum salaam. Muhammed Said Abdulla, mtunzi wa mpelelezi huyo Bwana Msa, alishinda kwa *Mzimu wa Watu wa Kale* katika shindano la uandishi la East African Literature Bureau, na kitabu kikachapishwa mwaka 1960. Hapo palikuwa na maiti iliyokutwa penye mzimu, na kijiji kizima tayari kilikuwa na jibu. Raha ya kitabu ni kumwona mtu mmoja akilikataa jibu hilo kwa utulivu. Kwa kizazi kile, kilichokuwa kikijiandaa kujitawala, kumwambia msomaji kwamba muuaji ana mikono na sababu kulikuwa na uzito wake. Kulikuwa pia na uungwana: Bwana Msa hawacheki wanaoamini.

Mizimu isiyofafanuliwa ipo, ila inapita njia nyingine. Katika *Babu Alipofufuka* ya Said Ahmed Mohamed, ya mwaka 2001, mkubwa mmoja aitwaye K, mwenye jumba na cheo, anaandamwa na babu yake aliyekwisha kufa, na babu huyo hafafanuliwi akaisha. Euphrase Kezilahabi, katika *Nagona* na *Mzingile*, aliivunja kabisa dunia ya kawaida, ingawa vitabu hivyo vinamtaka msomaji wa mchana aliyeshiba, si wa kitandani. Filamu za Bongo kama *Nsyuka* na *Shumileta* nazo zilionyesha mapema kwamba watazamaji wa majini hawakosekani.

Kinachokosekana ni riwaya ya kati: ya kurasa 250, yenye lugha safi, kuhusu jini anayepanga chumba Magomeni au Likoni, iliyoandikwa kwa burudani na kuchapishwa vizuri. Wachapishaji wetu wanaishi kwa soko la shule, na kitabu kisicho na matumaini ya kuingia darasani hakipati mtaji. Ndiyo maana hadithi hizo zimehamia kwenye simu, ambako zinaandikwa kwa haraka, bila mhariri, kila kipande kikikatwa pale pale mlango unapoanza kufunguka. Ndani ya fujo ile kuna watunzi wenye kipaji cha kweli cha kumshika msomaji. Wakipata mhariri mwenye subira, sioni watakachowaonea wivu wa Chicago na London. Mwandishi Lauren Beukes wa Afrika Kusini aliichukua Johannesburg, mitaa yake ya Hillbrow yenye wahamiaji na magorofa yaliyochakaa, akawapa wahalifu sharti la kutembea na mnyama wasiyeweza kutengana naye, na riwaya hiyo ya mwaka 2010 ikapata Tuzo ya Arthur C. Clarke mwaka uliofuata. Mji wetu wowote wa pwani una malighafi ya namna hiyo.

Swali: Nianzie wapi?

Habari zako Mhariri. Nimeanza kuandika hadithi ya matatu ya usiku, ya abiria 14, ambayo kila safari ya mwisho inakuwa na abiria wa 15 ambaye hakuna aliyemwona akipanda. Nina kurasa tano na sijui niende wapi. Ndugu zangu wanasema nimfanye awe shetani mwenye pembe.
*Kijana, Eastlands, Nairobi*

Jibu

Mzuri, kijana. Pembe usimtie. Umeshapata jambo bora, kwa kuwa kila mkazi wa Nairobi anajua idadi ya viti, na atakayekusoma leo atahesabu vichwa kesho akiwa amekalishwa katikati.

Sasa mpe huyo abiria masharti, matatu au manne, usizidishe, na uyaandike kwenye karatasi ya pembeni hata kama msomaji hatayaona yote. Anashuka stejini gani, au hashuki? Anaweza kukaa kiti chochote, au kile tu ambacho mwenyewe hajafika? Dereva akimtazama kwenye kioo inakuwaje? Halafu amua nani alimpa ruhusa ya kwanza, maana mtu alimwambia "ingia, kuna nafasi," na makanga huyasema maneno hayo usiku kucha bila kuangalia anamwambia nani. Hapo ndipo hadithi yako ilipo, katika desturi ya kazi ambayo haikuwahi kudhaniwa kuwa mwaliko.

Usimweleze abiria kabla ya ukurasa wa ishirini. Muda wote huo tuonyeshe makanga akigawa chenji, akigombana na mama mwenye gunia la sukuma wiki, akihesabu noti gizani. Kisha mfanye ahesabu tena mwisho wa safari, na nauli izidi ya mtu mmoja. Mara ya kwanza atafurahi. Ukitutumia kurasa zinazofuata, ninachotaka kujua kabla ya lolote ni hizo shilingi zilizozidi: anazipeleka kwa mwenye gari, au anazitia mfukoni?